Hajui Kuchora Nyuso

Majirani zake kule Temeke waliamini kabisa kwamba ni jaji wa mahakama. Walisikia anaitwa Bi Jaji, wakamwona anafuatwa na gari kila mwaka msimu ukifika, baibui la kutokea, mkoba wa ngozi kwapani, na hawakuuliza zaidi. Basi wakamletea kesi. Mpaka wa kiwanja, mume aliyeoa kwa siri, kuku anayetagia kwa jirani. Nilikuwapo siku alipokuja baba mmoja na bahasha ya hati zake, akamwamkia, akaeleza jinsi mwenzake alivyosogeza ukuta. Bi Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza maswali ya maana, akamwambia arudi na huyo mwenzake. Baba alipoondoka nikamuuliza kwa nini hamwambii mtu ukweli.

"Ukweli upi? Kwani mie si jaji?"

"Jaji wa picha za vitabu vya watoto, Bi Jaji."

"Basi. Picha ngumu kuliko ukuta, mwanangu. Ukuta unaupima."

Tulijuana kwenye jopo la tuzo ya vitabu vya picha. Tulikuwa watatu: yeye mwenyekiti, Mhadhiri mmoja wa sanaa anayependa kuvaa skafu kwenye joto la Dar, na mimi, mwalimu wa darasa la pili Kinondoni, niliyeingizwa kwa sababu walitaka mtu anayewajua watoto. Waandishi walikuwa na majaji wao. Sisi kazi yetu ilikuwa michoro peke yake, na kila mwaka tulikusanyika kwenye chumba cha mikutano cha wenye tuzo, vitabu vimepangwa mezani, feni inapeperusha kurasa.

Yeye mwenyewe alikuwa amechorea vitabu vya shule miaka mingi kabla ya kustaafu. Ukimwambia umesoma kwa vitabu vyenye picha zake, hakushukuru. Aliuliza unakumbuka picha gani. Mimi nilimtajia ng'ombe. Akaziba uso kwa kiganja. "Yule ng'ombe! Nilimpa miguu ya meza. Taifa zima limejifunza ng'ombe kwa meza yangu." Alicheka mpaka akakohoa, lakini nadhani lilimkera kweli, maana alipokuwa anapima michoro ya wenzake alianza na miguu. Mtoto akichorwa amevaa viatu juu ya mkeka, kitabu kilisogezwa pembeni. "Huyu hajawahi kuingia nyumba ya mtu," alisema. Mpishi akisonga ugali kwenye sufuria ambayo hakuna anayeishikilia, vilevile.

Alikuwa mkali, sikatai, lakini ukali wake ulikuwa na haki. Mwaka mmoja tulipata kitabu kizuri ambacho familia nzima inakula kwa mkono wa kushoto. Mhadhiri akasema kitolewe, mchoraji hana adabu. Mimi nikaafiki. Bi Jaji akakivuta, akakaa nacho. Alikuwa na msemo wake, kwamba picha ni mgeni, mpe kiti kwanza ndipo umuulize habari. Na kweli alikuwa na uwezo wa kuitazama picha moja hadi sisi wengine tunaanza kusinzia. Mwishowe akatuuliza, "Baba huyu mfuko wake wa shati uko upande gani?" Tukaangalia. Kulia. Mashati yote ya wanaume mle ndani yalikuwa na mfuko kulia. Kumbe kiwandani ndiko walikozigeuza picha wakati wa kuchapa, na mchoraji alichora kila kitu sawasawa. Kitabu kile kilipata nafasi ya pili. Nililitazama jicho lile siku ile nikajiambia, huyu mama hatakosea.

Alikataza chai karibu na vitabu. Alikataza mafuta mikononi. Yeye mwenyewe alikuwa na ubuyu mwekundu mkobani, akimung'unya kutwa, na kila kitabu alichokipitia kilitoka na doa jekundu kwenye pembe. Mhadhiri alikuwa akisema kwamba mihuri ya Bi Jaji haihitaji wino. Hakuthubutu kulisema mbele yake.

Na alikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: maneno yafunikwe. "Picha isiyosema mpaka ishikwe mkono na maneno, hiyo pambo," alisema. Kwa hiyo kabla hatujaanza, alichukua vile vikaratasi vya manjano vya ofisini, vyenye gundi nyepesi ya kubandua, akavikata kwa mkasi kulingana na mistari, akafunika kila andiko la kila ukurasa. Hakumruhusu mtu mwingine afanye. Na ili asishawishike kusoma, alivua miwani. Bila miwani herufi kwake zilikuwa sisimizi weusi. Popote alipowaona sisimizi, akabandika, na akishamaliza ndipo alivaa tena miwani tuanze kutazama. Alifunika na vibao vya maduka, na majina ya mabasi, na maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Tulimcheka, naye akatuambia tucheke, haki haina macho. Kitabu kilichofika hatua ya mwisho ndicho kilichobanduliwa vikaratasi. Kisichofika kilibaki navyo.

Kanuni ya pili ilitokana na huruma, ingawa ukiitazama leo unaweza kusema vingine. Alisema mtu aliyeshindwa ana haki ya kujua kwa nini. "Ukimnyamazia unamwacha anajitafuna." Basi kila mchoraji aliandikiwa maoni yetu, sentensi chache, na zilizoandikwa na Bi Jaji zilikuwa fupi kama makofi. Wengi walikuja kumshukuru baadaye. Mmoja alimletea mkungu wa ndizi nyumbani.

Sasa niseme habari ya kile kitabu.

Kilikuwa chembamba. Watoto wawili wa nyumba jirani wanapelekeana sufuria. Ukurasa huu mtoto wa huku anaipeleka, ukurasa ule mtoto wa kule anairudisha. Nyuma yao kila mara wako mama zao wawili, wakubwa, wamesimama wametupa migongo, kila mmoja na kanga kiunoni, na kwenye kila kanga kikaratasi cha manjano. Kurasa zote, migongo mitupu. Mhadhiri akauliza kwa nini kuna vikaratasi kwenye makalio ya watu. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema mchoraji hajui kupanga maneno, ameyamwaga juu ya miili. Nililisema kwa madaha yote ya mwalimu anayesahihisha. Bi Jaji alifika ukurasa wa mwisho, ambapo wale wanawake wamevaa kanga zinazofanana, akasema kijana amechoka kubuni, amerudia pambo lilelile.

Halafu akasoma maoni yake ili yaandikwe: "Mchoraji anatugeuzia watu migongo kitabu kizima. Hajui kuchora nyuso."

Tukacheka. Kilikuwa kichekesho kizuri, na tulikuwa na njaa, na kitabu kikawekwa kwenye boksi.

Baada ya tuzo, maboksi ya vitabu vilivyoshindwa yalipelekwa kwake, kwa sababu alikuwa anawagawia watoto wa mtaani. Siku moja ya mapumziko akanipigia simu. Hakusalimu, na huyo ni mtu ambaye salamu zake huchukua nusu ya maongezi. "Njoo Temeke," alisema. Nikaenda.

Nilimkuta kaketi barazani, kitabu kile kiko mkekani, vikaratasi vya manjano vimebandikwa kwa mstari kwenye paja lake. Akanisogezea. Nikafungua.

Kwenye kanga ya mama wa kwanza: HASIDI HANA SABABU. Nikafunua. Mama wa pili: WASEMAO WATACHOKA. Mtoto anapita katikati na sufuria, anacheka, hajui lolote. Nikafunua tena. NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Kila ukurasa wanawake wale walikuwa wanasemana kwa kanga, wamepeana migongo kwa sababu hawaongei, na ndiyo sababu wanawatuma watoto wapeleke sufuria badala ya kwenda wenyewe. Maneno ya hadithi hayakutaja ugomvi hata mara moja. Ugomvi wote ulikuwa mgongoni. Na kanga, ukiivaa, jina lake linasomeka nyuma. Angewageuza nyuso, angewanyamazisha.

Nimezaliwa nimefungwa kanga. Bi Jaji ana makasha mawili ya kanga nyumbani na kila aliyewahi kumuudhi amesemwa kwa kanga kabla hajasemwa kwa mdomo. Mhadhiri na skafu yake unaweza kumsamehe. Sisi?

Nikafika ukurasa wa mwisho. Wote wawili: YALIYOPITA YAMEPITA.

Nikatafuta la kusema. Nikasema, "Bi Jaji, hatukuweza kujua. Karatasi ilifunika."

"Ilifunika nini?"

"Majina."

"Na rangi? Ilifunika rangi?" Akaweka kidole chake chekundu juu ya zile kanga mbili zinazofanana. "Hii doti moja, mwanangu. Mmoja kanunua doti, kampa mwenzie kipande. Hilo halitaki kusoma. Marehemu mamaangu hakujua alifu wala be na angelijua. Mie nimeliona kwa macho yangu, na miwani nimevaa, nikaita uvivu."

Hakuna shoga yake mmoja pale mtaani ambaye hajawahi kugawana naye doti.

"Nilikuwa namtafuta kosa," alisema. "Ukikaa sana kwenye kiti kile unaangalia miguu tu."

Tangu siku hiyo alibadilika, na siwezi kusema kwamba alibadilika vizuri. Alipiga simu kwa wenye tuzo. Akaambiwa matokeo yalishatangazwa. Akasema hataki matokeo, anataka mchoraji aandikiwe kwamba maoni yale yalikuwa ya makosa. Kijana wa ofisini akamjibu kwa upole, "Mama, ishu hiyo si ilishapita? Tukianza kufukua, na wengine watakuja." Akapiga tena na tena, mpaka simu yake ikawa haipokelewi. Mhadhiri akamwambia kwamba jopo lina heshima yake. Bi Jaji akamwambia amwachie yeye heshima, achukue skafu.

Mimi nilimwambia aachane nayo. Nasema wazi kwa sababu nilidhani namsaidia. Nilimwambia ni tuzo ya vitabu vya watoto, hakuna aliyekufa, kijana yule ameshasahau, wachoraji wamezoea kukataliwa. Nilimwambia wewe umewainua wangapi?

"Wewe darasani kwako, ukimwambia mtoto hajui kusoma naye anajua, anasahau?"

Jibu ninalo, na linanikosesha raha mpaka leo. Nikikaa na daftari za watoto wangu nikifikia kuandika maoni, kalamu inasita. Mwaka ule nilipunguza vicheko vyangu vya kusahihisha. Lakini bado niliona anazidisha, na moyoni niliomba lipite, kwa sababu kila alipolitaja niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema ameyamwaga juu ya miili.

Alijitoa kwenye jopo. Ubuyu aliuacha, sijui kwa nini. Labda aliona madoa yake. Siku moja nikamkuta yule baba wa ukuta amerudi na mwenzake, wameketi wanangoja hukumu baada ya kuzungushana muda wote huo. Bi Jaji akawaambia, "Mie sihukumu tena. Nendeni serikali ya mtaa." Mwenzake akashangaa, "Mama, kwani umestaafu?" Akasema, "Nimestaafishwa." Wakaenda zao wakinung'unika kwamba nchi hii watu wazuri hawadumu kazini.

Majirani wakaanza kusema Bi Jaji anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa na hatia, na hatia ya mtu mwenye haki ni mbaya, hailali. Alikuwa amekula ukali wake miaka yote kama mtu anayekula mali yake halali, na sasa alikuwa anajiuliza ni wangapi wengine. Alinitajia vitabu ambavyo mimi sikuvikumbuka hata jalada. "Yule aliyechora mvua ya mistari. Pengine kwao inanyesha vile."

Mwishowe alimpata yule mchoraji wa kanga. Muuza vitabu mmoja alikuwa anamfahamu: anaishi Goba, ana mke, anachora. Bi Jaji akanitaka nimsindikize. Magoti yake yalikuwa mabovu na Goba ni vilima. Tulipanda bajaji, dereva anapandisha kwa kulazimisha, Bi Jaji kashika chuma kimya kimya. Kitabu hakukibeba. Nilimuuliza atasemaje. "Nitasema nilivyofanya," alijibu.

Nyumba ilikuwa haijapigwa lipu. Kijana alikuwa uani kwenye kivuli cha bati, brashi mkononi, na alipotuona akaiweka chini haraka, akafuta mikono kwenye suruali. Mimi nilimtaja Bi Jaji ni nani. Nilijitayarisha kwa hasira. Ningeipokea hasira.

"Shikamoo mama!" Uso wake ulifunguka wote. "Wewe ndo mwenyekiti? Wallahi siamini. Karibuni, karibuni ndani. Nilikuwaga nasema siku moja nitakuja kukushukuru."

Bi Jaji akasema, "Kunishukuru?"

"Yale maoni, mama. Yaliniuma, sikufichi. Nilikaa kama mwezi sishiki penseli. Ila baadaye nikajiambia, huyu mama kachora kabla mie sijazaliwa, anajua anachosema. Nikaanza kujifunza nyuso. Njooni muone."

Akatuingiza sebuleni. Ukuta mzima nyuso. Maharusi, wazee, watoto waliohitimu chekechea, wote wanatazama mbele, meno yote, macho yamewekewa nukta nyeupe ya mng'ao. Za kuuza, za kutundika. Zilichorwa kwa bidii, na hakuna hata moja iliyokuwa inamwambia jirani yake kitu. Akatuonyesha na kitabu kipya anachochorea watu: watoto, mama zao, mwalimu, kuku, hata kuku, wote wamegeuzwa kututazama.

"Migongo nimeacha kabisa," alisema kwa fahari. "Umeona? Hamna hata mmoja."

Nilimtazama Bi Jaji. Angeweza kunyamaza. Nakiri niliomba anyamaze, tunywe soda, turudi mjini na shukrani zetu za wizi. Kijana alikuwa na furaha.

Bi Jaji akakaa kwenye ukingo wa kochi. "Mwanangu," alisema, "mie sikukisoma kitabu chako. Nilikuwa nafunika maneno kwa karatasi, nikafunika na majina ya kanga. Halafu ile doti ya mwisho, ile sikuifunika. Niliiona. Nikashindwa kuielewa, mie mtoto wa Temeke. Nikakuandikia hujui. Ulikuwa unajua. Wale wanawake ilibidi watupe migongo. Kitabu chako kilikuwa kizuri kuliko vyote tulivyoviweka mezani mwaka ule, na mie ndiye niliyekosea."

Kijana alibaki amesimama. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni halina kazi. Alitazama ukuta wake, picha moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Toka mwanzo?"

"Toka mwanzo, mwanangu. Nisamehe."

Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Sidhani kama alilisikia lile neno. Alikwenda mlangoni akaita uani, "Mama Salma! Njoo mara moja." Mkewe akaja, mikono ina povu la sabuni, akatuamkia, akatazama huku na huku kuona ni msiba gani.

"Mama, samahani," kijana akamwambia Bi Jaji. "Naomba urudie. Yote. Nataka asikie."

Bi Jaji akashika mkono wa kochi akainuka. Nilitaka kumsaidia akanisukuma. Alisimama wima mbele ya yule mwanamke, mdogo kuliko mabinti zake, akarudia tangu mwanzo, karatasi, miwani, doti, sentensi aliyoiandika na kicheko tulichocheka. Hakupunguza kitu. Alipomaliza alikuwa anatweta.

Mwanamke hakumtazama Bi Jaji wala mimi. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Si nilikwambia?" alisema. "Kila siku. Mie si nilikwambia?"